Nilikuwa Bado Nanawisha

Mdogo wangu wa mwisho nimemlea mgongoni. Nikitoka shule, kabla sijavua hata sketi ya bluu, mama ananibandika mtoto, ananikaza kitenge, na mimi naanza kuzunguka uani kwetu Bweri na kitabu cha Baiolojia mkononi. Wenzangu wa kidato cha pili walikuwa wananitania kwamba mtoto huyo atajua sehemu za ua kabla hajajua kusema "maji". Sikuwa nawajibu. Mimi siyo mtu wa kujibu. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, mkono unakataa kupanda, mwingine anajibu, anapigiwa makofi, nami nabaki nimejua peke yangu. Mgongoni hakuna anayekuuliza kitu, ndiyo maana nilipenda kulea.

Tena mtoto ukimbeba kila siku unamjua kwa mgongo. Unajua amesinzia kabla kichwa chake hakijalala begani. Unajua amekojoa, hilo halina mjadala. Na unajua anavyopumua, maana kifua chake kimegusana na wewe.

Mwaka huo sukari ilikuwa imerudi. Nalisema hili kwa sababu bila sukari yasingetokea haya ninayoandika. Miaka ya nyuma yake tulikunywa chai kavu mpaka tukaizoea, na mama alikuwa akipanga foleni ya sabuni anarudi na dawa ya viatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na viatu hatuna. Halafu maduka ya watu binafsi yakaanza kujaa vitu. Mjomba wangu wa Bunda, kaka yake mama, akapata pikapu kuukuu isiyofunga mlango mmoja, akawa mfanyabiashara. Jumapili moja akaja Musoma na mfuko mzima wa sukari begani, akautua katikati ya sebule kama mtu aliyeua chui.

"Dada," akamwambia mama, "leo mtoto asinywe tena chai kavu."

Mama hakungoja hata chakula cha mchana. Akavua kitambaa cha kanisani, akawasha jiko, akayeyusha sukari, akamwagia karanga za kukaanga. Kashata! Nyumba nzima ikanukia hadi jirani akabisha hodi akijifanya amekuja kuazima kinu. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anakimbia bila kuanguka, akapewa kipande chake na mjomba, akawa anazunguka nacho, mashavu yote yananata.

Mezani kulikuwa na ugali na sato wa kuchemsha. Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake huko ziwani, na samaki ni yeye aliyewaleta. Mimi nikachukua jagi la maji na beseni, nikaanza kunawisha. Kwetu hakuna anayegusa chakula kabla maji hayajamfikia kila mtu, na bibi akiwepo ndiyo kabisa. Nikamnawisha bibi. Nikasogea kwa mama. Mjomba alikuwa anangoja zamu yake, na mjomba hawezi kungoja akiwa ametulia, hivyo akamnyakua mtoto akaanza kumrusha juu.

"Nani mwanaume? Nani mwanaume?"

Mtoto akacheka kile kicheko cha tumboni. Mara kicheko kikakatika. Akakohoa, akakohoa tena, macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Mjomba akamshusha, naye akakaa sakafuni anapapasa hewa kwa mikono.

"Mwiba!" bibi akapiga kelele. "Mwiba umemkwama mume wangu!"

Bibi humwita mdogo wangu mume wake, ndiyo utani wao. Na watu wa ziwani, mtu akikohoa karibu na samaki, ni mwiba. Hakuna anayeuliza zaidi. Dawa yake nayo ni moja: tonge kubwa la ugali mkavu, limezwe bila kutafunwa, liuzoe mwiba liende nao chini. Bibi akamega tonge, akamfungua mtoto kinywa, akalisukuma. Mtoto akakohoa, akameza, akatapika kidogo, akalia kwa sauti, na baada ya hapo akanyamaza. Rangi ikarudi. Akanyoosha mkono anataka kashata yake iliyoanguka.

"Umeshuka," bibi akatangaza.

"Mama, wewe wangekupa hospitali ya mkoa," mjomba akasema, jasho linamtoka.

Tukacheka wote, hata mama. Mimi nikachukua jagi, nikaendelea nilipoishia. Bibi amesema mwiba, basi ni mwiba. Nani mimi wa kupekua zaidi?

Mtoto akakaa vizuri kabisa. Alikula, alicheza, alimfukuza kuku wa jirani. Kikohozi kikaja baadaye, watu tumeshasahau mambo ya mwiba. Kikawa kinakuja na homa. Mama akampeleka zahanati, akachomwa sindano, akapona. Sindano zilipokwisha, kikarudi. Akapewa dawa ya maji ya rangi nyekundu aliyoipenda mno, akawa anakohoa hata kwa makusudi apate kijiko kingine. Ikamsaidia, kisha haikumsaidia.

Mimi nikaanza kusikia kitu mgongoni. Akipumua nje, kulikuwa na sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka lakini halichemki. Ilikuwa inanigusa chini ya bega langu la kulia. La kushoto lilikuwa kimya. Nikadhani ni jinsi nilivyomfunga. Nikamfungua, nikamfunga upya, nikaruka mara mbili tatu akae sawa. Bado kulia. Nilimwambia mama, naye akasema, "Kifua hicho mama, kifua tu," huku anafua.

Bibi aliporudi safari nyingine, alimtazama mtoto akikohoa, akaweka kikapu chini.

"Hiki ni kimeo."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Kila mtu anacho. Wazee wanasema kwa watoto wengine kinarefuka, kinatekenya koo, na mtoto hatapona kukohoa mpaka kikatwe. Kuna watu wenye kazi hiyo. Bibi alikuwa anamjua mmoja upande wa Butiama.

"Wanangu wote walikatwaga," akasema. "Muulize mjomba wako."

"Nilikatwa," mjomba akakubali. "Na bado mke wangu ananihamisha chumba kwa kukoroma."

"Kukoroma siyo kukohoa, we mtoto!"

"Sijabisha, mama. Nasema tu nilikatwa."

Mama hakutaka. Alikuwa amesikia habari za mtoto aliyetoka damu isikome. Lakini sindano zilikuwa zimemchosha, na mtoto alikuwa ameanza kukonda, na bibi ni mama yake. Ikaamuliwa Jumamosi mjomba atatupitia na pikapu: bibi, mtoto, na mimi wa kumbeba. Mama angebaki na kashata zake za kuuza, maana wakati huo watu walikuwa wanazifuata mpaka nyumbani.

Nitasema ukweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya mtihani. Niliwaza wembe unaingia kwenye kinywa kile kidogo. Na kila nikikiwaza kimeo, kilikuwa katikati ya koo. Mimi sauti nilikuwa naisikia upande mmoja. Nilitaka kusema. Nikapanga maneno usiku, asubuhi nikayakuta yamekauka. Bibi akiwa ameshaamua jambo, hata baba akiwepo nyumbani humwachia.

Tukaondoka. Bibi mbele na mjomba, mimi katikati yao na mtoto mapajani, na mlango usiofunga umefungwa kwa kamba. Mjomba aliimba nyimbo za kwaya akikosea maneno, bibi anamsahihisha. Tukakata kwenda Butiama, tukauliza, tukaelekezwa mpaka kwenye nyumba yenye ua wa minyaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mihogo akatuambia, "Mzee hayupo. Yuko harusini, mjukuu wake anaoa. Njooni kesho, au keshokutwa. Wale wakicheza ngoma hawajui kuacha."

Nilimshukuru huyo bwana arusi ambaye hata leo simjui.

"Basi tusirudi Musoma," mjomba akasema. "Twendeni Bunda mkalale kwangu, kesho tunapita tena."

Tulipofika Kiabakari mjomba akasimama kununua mahindi ya kuchoma. Hapo mtoto akaanza. Alilia akitaka mahindi, kilio kikachanganyika na kikohozi, na kifua kikawa kinavuta ndani chini ya mbavu kila akitaka hewa. Ile sauti ya birika, safari hii hata mjomba aliisikia, na injini inaunguruma.

"Mama," akasema, na hakuwa anatania tena, "huyu hangojei harusi ya mtu. Tunapita hospitali ya misheni kwanza."

"Apate kupumzika tu, halafu kimeo," bibi akajibu. Lakini na yeye alikuwa amemshika mtoto mguu, anaupapasa.

Daktari aliyetuona Bunda alikuwa kijana. Nitasema tena ukweli kwa kuwa nimeamua kuandika ukweli: alikuwa mzuri, na alikuwa na mwanya. Kwa hiyo kama nilikuwa na nafasi ndogo ya kufungua mdomo siku hiyo, iliisha nilipomwona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Mtoto ana kimeo."

"Nitakiangalia hichohicho kwanza, bibi." Akaomba kijiko na tochi, akamchungulia mtoto kooni, akang'atwa kidole. "Ana meno. Na kimeo chake hakina tatizo, hakijarefuka. Hebu nisikilize kifua."

Akaweka chuma cha kusikilizia mgongoni kwa mtoto, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Akarudi kulia akakaa hapo. Halafu akagonga kifua kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akaketi.

"Bibi, hapa tuna mashine ya picha, lakini filamu zimebaki chache, hatupigi ovyo. Kwanza mnisimulie. Kikohozi hiki kilianzaje? Kidogo kidogo, na mafua? Au kuna siku alikuwa mzima kabisa, mara akapaliwa?"

"Mafua hakuwa nayo," bibi akasema. "Kupaliwa, aah... alipaliwa na mwiba wa sato. Lakini huo zamani. Nilimpa ugali, ukashuka."

Daktari akainua kichwa. "Nani alimlisha samaki?"

Bibi akamtazama mjomba. Mjomba akamtazama bibi.

"Siyo mimi," mjomba akasema. "Mimi nilikuwa nacheza naye. Ulimpa wewe."

"Mimi? Nimlishe mtoto sato bila kumchambua? Utakuwa ulimpa wewe, ndiyo ulikuwa umemshika!"

"Mama, mimi nilikuwa sijala kitu!"

"Ulikuwa hujala, wewe?"

"Taratibu," daktari akasema, anazuia kucheka. "Kwani mlikuwa mmeshaanza kula?"

"Tulikuwa tunakula," bibi akasema. "Chakula kilikuwa mezani."

Hapo ndipo nikaiona ile Jumapili. Siyo uso wa mtoto, bali jagi. Jagi zito mkononi mwangu, beseni chini ya mikono ya mama, povu la sabuni kwenye vidole vyake. Mjomba vidole vyake vikavu, vinanata sukari. Uso ukaniwaka. Daktari mzuri, bibi, mjomba, muuguzi mlangoni. Mgongoni kwangu hakukuwa na mtoto wa kujifichia, maana alikuwa mapajani kwa bibi, kifua chake kinavuta.

"Hapana," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo hadi daktari akauliza, "Nani amesema?"

"Mimi. Walikuwa hawajaanza kula. Nilikuwa bado nanawisha. Mjomba alikuwa hajanawa. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa samaki." Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikamalizia yote: "Alikuwa anakula kashata ya karanga. Alikuwa anacheka, anarushwa juu. Na ile sauti iko upande wa kulia tu, naisikiaga nikimbeba."

Bibi akaweka mkono mdomoni.

"He! Kweli. Maji yalikuwa hayajamfikia huyu."

"Kashata nilimpa mimi," mjomba akasema polepole, na akajishika kichwa. "Ile ya kwanza kabisa."

Daktari akanigeukia mimi. "Njoo hapa." Akaniwekea vyuma vya baridi masikioni, akashika kile chuma kifuani kwa mtoto. "Sikiliza kushoto." Nikasikia upepo unaingia na kutoka, mpana, kama mtu anapepeta mchele. "Sasa kulia." Upepo ulikuwa mbali, kama umefungiwa chumba cha pili, na mwisho wake ile filimbi nyembamba. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Kitu nilichokuwa nakisikia peke yangu, kumbe kipo.

"Mtoto akicheka au akilia na kitu mdomoni, anavuta hewa kwa nguvu," daktari akatueleza, "na kitu kinakwenda na hewa badala ya kwenda tumboni. Anapaliwa vibaya sana, halafu kikishapita kwenda kwenye njia ndogo ya pafu anatulia, na nyie mnashukuru Mungu mnadhani kimekwisha. Kumbe kimekaa. Karanga inaloa, inavimba, pafu linachafuka, anapata homa. Mnampa sindano, homa inashuka. Karanga sindano haiijui."

"Na ugali wangu?" bibi akauliza, sauti imeshuka.

"Ugali umekwenda tumboni, bibi, umemshibisha mumeo. Ila siku nyingine msimsukumie kitu. Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwacheni akohoe, mmkimbize hospitali. Tonge lingeweza kuziba njia iliyobaki."

Bibi akamvuta mume wake karibu.

Daktari akaamua filamu moja itumike. Sharti, alisema, picha ipigwe mtoto anapotoa pumzi yote, yaani akiwa katikati ya kulia. Tukapata kazi mpya. Mtoto aliyekohoa na kulia njia nzima, sasa anatakiwa kulia na hataki! Ameona mashine, anaishangaa. Mjomba akamkunjia uso, mtoto akacheka. Muuguzi akamnyang'anya kofia, naye akamwachia. Mwishowe bibi akasema, "Dawa nyekundu imekwisha," na kilio kikatoka hicho, mpaka daktari akapiga kelele nyuma ya ukuta, "Hapohapo! Bibi, wewe ni fundi!"

Picha ikaletwa bado imelowa. Mimi nilitegemea kuona karanga imekaa kama jicho. Hakukuwa na karanga.

"Haionekani," daktari akasema. "Ingekuwa sarafu au kishikizo cha chuma, mngeiona. Karanga picha inaipita. Lakini tazameni hapa. Ametoa pumzi: pafu la kushoto limepungua. La kulia je?"

La kulia lilikuwa jeusi, kubwa, limetuna.

"Limebaki na hewa," nikasema. Nilisema mimi, bila kuulizwa kwa jina.

"Eeh. Hewa inaingia ikipita pembeni ya karanga, kutoka inakataliwa. Kama vali ya baiskeli." Akaanza kuandika barua ya Mwanza, kwa madaktari wenye bomba la kuingiza kwenye njia ya hewa mtoto akiwa amelazwa usingizi, wakatoe kitu kwa koleo ndogo. Akatuagiza asile kitu njiani, asirushwe, asipigwe mgongoni.

Mjomba alishusha magunia yake yote ya pamba aliyokuwa ameyapakia nyuma, hapohapo Bunda, pikapu iwe nyepesi. Bibi akaenda na mtoto. Alikuwa hajawahi kufika Mwanza, na alikuwa ameapa hatafika. Kabla gari halijaondoka akatoa kichwa dirishani akamwambia daktari, "Nikirudi bila mume wangu nakuja kukuoa wewe."

"Basi niombee arudi, bibi, nina mchumba."

Hiyo ya mchumba niliisikia vizuri kuliko yote. Sawa.

Mimi nikapandishwa basi kurudi Musoma kumwambia mama. Yeye hakupika kashata wiki hiyo. Alifagia uwanja uliofagiliwa. Nami kila nikirudi shule, mgongo ulikuwa mwepesi mpaka ukauma.

Wakarudi. Tulisikia honi tangu barabarani, mjomba haiachii. Bibi akashuka mtoto kiunoni, na mkononi ameshika kichupa kidogo cha dawa. Ndani yake nusu ya karanga, imevimba, imekuwa rangi ya udongo. Hakumsalimu mtu.

"Hiki hapa kimeo!" akasema, akakinyanyua.

Kichupa hicho kimeshafika mbali kuliko mimi. Bibi alikwenda nacho kanisani, akaenda nacho kisimani, amekwenda nacho kijijini kwake na huko nasikia akina mama wakisikia mtoto kapaliwa wanaulizana kwanza alikuwa na nini mdomoni. Nyumbani kwetu bibi anakagua vinywa kama mlinzi wa kiwandani, hata mjomba alifunguliwa. Mama naye siku hizi karanga anazitwanga laini kabla ya kumwagia sukari. Wateja walilalamika kidogo, kisha wakazoea, sasa wanasema ndizo tamu.

Siku ile ya kurudi nilimfunga mgongoni hata kabla sijanywa chai. Nikazunguka naye uani bila kitabu. Nilikuwa nasikiliza. Chini ya bega la kushoto, upepo wa kupepeta mchele. Chini ya bega la kulia, upepo uleule. Nikasimama karibu na jiko nihakikishe siyo mimi ninayetaka iwe hivyo. Akajinyoosha, akanivuta nywele, akaniuliza sikioni kama kuna kashata.

"Ipo," nikamwambia. "Tunawe kwanza."